Rangi za Wilaya na Ufunguo Wake

Katika Masasi na Newala, kama ilivyo katika mkoa mzima wa Mtwara, mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007 umeweka utaratibu wa kuuza korosho ghafi hadharani: ukiacha magendo yale yaitwayo kangomba, mkulima hupeleka zao lake kwenye chama cha msingi, likapimwa, likapangwa daraja na kusafirishwa hadi ghala kuu, kisha bei ikatangazwa mnadani, chini ya vyama vikuu vya ushirika, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba. Kila mnada, basi, waweza kuandikwa katika jedwali la safuwima nne, yaani tarehe, wilaya, daraja na bei ya kilo. Tarehe na bei ni hesabu, nazo hupata mahali pake katika mchoro bila taabu, moja katika mhimili uliolala na nyingine katika uliosimama. Lakini wilaya na daraja ni majina, na maadamu jina halina mahali katika mstari wa hesabu, halina budi kuvishwa rangi, na rangi nayo ni bubu mpaka iambatane na ufunguo.

Tuitazame kazi hii katika Matplotlib, maktaba ya uchoraji ya lugha ya Python ambayo Mmarekani John D. Hunter aliianzisha mwaka 2003 kwa haja ya utafiti wake wa ubongo. Maelezo yake rasmi hufundisha kwa mfano mfupi: rangi tatu, buluu, chungwa na kijani, hupitiwa moja moja katika kitanzi, kila mzunguko nukta za kubahatisha huchorwa kwa amri ya scatter na kupewa lebo, na mwishoni amri moja ya legend hukusanya lebo zote kuwa ufunguo. Umbo la mfano huu ni bora, kwa sababu amri inayotia rangi ndiyo hiyohiyo inayotaja jina, hata isiwezekane rangi kwenda huku na jina kwenda kule. Kasoro yake ni kwamba lebo zenyewe ni majina ya rangi, buluu ikiitwa buluu na kijani kikiitwa kijani, hata mwanafunzi akajifunza harakati za mkono pasipo kuona sababu yake. Laiti mahali pa rangi hizo pangewekwa Masasi, Nanyumbu, Newala na Tandahimba, na kila mzunguko ukachuja jedwali na kubakiza minada ya wilaya moja tu, faida ingekuwa dhahiri tangu mstari wa kwanza.

Iko njia fupi zaidi, nayo huwavuta wengi: kuchora nukta zote kwa mara moja, wilaya zikiwa zimegeuzwa namba kwa mpangilio wa alfabeti, Masasi 0, Nanyumbu 1, Newala 2, Tandahimba 3. Tangu toleo la 3.1 la mwaka 2019, amri ya legend_elements huweza kutoa ufunguo kutoka mchoro wa namna hiyo. Ila ufunguo huo husema 0, 1, 2, 3, na mchoraji hana budi kuyarejesha majina kwa mkono wake. Tena rangi zinazotumika, asipochagua nyingine, ni za ngazi inayopanda kutoka zambarau ya giza hadi manjano, na jicho la msomaji, ambalo husadiki ngazi kila liionapo, litadhani Tandahimba imeizidi Masasi kwa jambo fulani, ilhali alfabeti tu ndiyo iliyozipanga. Baya kuliko hilo hutokea wiki ambayo Nanyumbu haina mnada: namba husogea, na Newala iliyokuwa kijani wiki iliyopita hupata rangi nyingine, hata michoro miwili iliyobandikwa sambamba ikapingana. Tiba ni kuandika kamusi mara moja, jina la kila wilaya likifungwa na rangi yake, na kila mchoro ukaisoma kamusi hiyo.

Kamusi hiyo ina mpaka wake pia. Rangi za kawaida za Matplotlib ni kumi, nazo zikiisha huanza upya pasipo onyo lolote. Mkoa wa Mtwara una halmashauri tisa, hivyo zinatosha. Lakini atakayeongeza halmashauri za Lindi ataikuta ya kumi na moja imevaa buluu ya ile ya kwanza. Hapo ni afadhali kugawa mchoro vipande viwili kuliko kutafuta rangi za ziada ambazo jicho halizitenganishi.

Hitaji hili la ufunguo wa rangi ni la kale kuliko kompyuta. Mjerumani Wilhelm Bornhardt, katika kitabu alichokitoa mwaka 1900, aliyapa matabaka ya mawe ya mchanga ya Makonde jina ambalo yanaitwa kwalo hadi leo, na akaeleza habari za vilima vya mwamba mgumu vinavyosimama pekee, mfano wa vile vinavyouzunguka mji wa Masasi. Katika ramani ya miamba sehemu hizo mbili hupakwa rangi mbalimbali, na mtafuta maji anayezisoma pasipo ufunguo hatajua kwamba kule Newala, juu ya uwanda wa Makonde, mvua huzama mbali sana mchangani.

Imebaki daraja. Hili, tofauti na wilaya, lina mpangilio wa kweli, la kwanza likiwa juu ya la pili, nami naona haki yake ni umbo badala ya rangi: duara kwa la kwanza, pembetatu kwa la pili. Umbo humfaa asiyetofautisha nyekundu na kijani, na humfaa vilevile kila asomaye karatasi iliyotolewa fotokopi na kubandikwa kwenye ubao wa chama cha msingi, mahali ambapo rangi zote zimekuwa kijivu. Kwa hiyo mchoro wahitaji funguo mbili, moja ya wilaya na moja ya daraja, na hapa ndipo wengi hukwama, kwani legend ikiitwa mara ya pili huufuta ufunguo wa kwanza. Mwongozo wa maktaba unaeleza dawa: ule wa kwanza ushikwe katika kigezo, urudishwe mchoroni kwa amri ya add_artist, na wa pili uitwe kando yake; nazo zote mbili ziwekwe nje ya fremu, upande wa kulia, zisije zikafunika nukta za minada ya mwisho wa msimu.