Anuarite, Anwarite, Nengapeta

Kila mwaka, sikukuu ya tarehe 1 desemba inapokaribia, ubishi ule ule unaanza tena katika sakristia. Msomaji mmoja anatamka Anuarite kwa silabi tano, kila vokali mahali pake. Mwingine anasema Anwarite. Wa tatu, aliyezoea Kifaransa, anameza e ya mwisho na kuibana u mpaka jina halitambulikani. Kisha anatokea mjuzi, naye anawaambia wote wamekosea, kwani jina lenyewe si hilo.

Mjuzi huyo ana ukweli nusu. Binti huyu wa Wabudu, aliyezaliwa Wamba mwaka 1939, aliitwa na wazazi wake Nengapeta. Anuarite lilikuwa jina la dada yake. Alipoandikishwa shuleni, Sista aliandika jina la dada mahali pa lake, nalo likamfuata katika utawa wa Jamaa Takatifu, hata kifo chake kule Isiro mwaka 1964, hata siku ya 15 agosti 1985, Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Mwenye Heri katika Kinshasa. Je, tulifute leo? Sisi hatuoni hivyo. Mwenyewe aliliitikia miaka mingi, na Eklezya inamtaja kwa majina yote mawili. Tunachomlaumu msomaji ni kingine: kulitamka Anuarite kwa sauti kubwa, halafu kulipita Nengapeta mbio mbio kama mtu anayekimbia mvua. Lile ambalo mama alimpa ndilo linasomwa vibaya kuliko yote.

Asili ya ubishi ni kudhani kwamba herufi ni hakimu. Herufi zetu zilichaguliwa kwa masikio ya Wabelgiji. Sauti ya ch wao waliiandika tsh. Ndiyo sababu tunaandika Rutshuru na Tshibangu. Mtu aliyejifunza kusoma katika vitabu vya pwani anatenga t na sh, akaleta jina ambalo hakuna mama wa Kasai aliyemwitia mwanawe. Mto utokao ziwa Kivu kwetu unaandikwa Ruzizi, kwa jirani zetu wa Rwanda na Burundi Rusizi, na maji ni yale yale. Na Zaire? Wareno walilisikia vibaya neno nzadi, maana yake mto mkubwa kwa Kikongo, na kosa la sikio likawa jina la nchi nzima tangu 1971 hata 1997.

Tena herufi hazionyeshi sauti inayopanda na kushuka. Wasemao Lingala wanajua: moto, kwa sauti ya chini, ni mtu, ukiipandisha mwishoni, ni kichwa. Katika majina mengi ya kikwetu mambo ni hayo hayo, wala hakuna kitabu cha Misa kitakachotufundisha. Lazima kumwuliza mwenyeji, kabla ya Misa, si baada yake.

Tumesikia pia waseminari wakimcheka mwenzao wa Kasai kwa kuwa anasema Malia. Tshiluba haina r; afanye nini? Kicheko hicho hatukipendi hata kidogo. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kinasimulia namna watu wa Efraimu walivyozuiwa kwenye vivuko vya Yordani na kuamriwa kutamka neno moja tu, shiboleti. Walioshindwa sh waliuawa, watu 42.000. Nasi katika nchi hii, wakati wa vita, tumejua vizuizi vya barabara ambapo mtu alipimwa kwa jina lake na kwa ulimi wake.

Lakini penye hasara ya kila siku ni katika vitabu vya parokia. Katika misioni moja tulimkuta kijana ameandikwa namna tatu: katika ubatizo Shibangu, katika kipaimara Tshibangu, katika karatasi ya shule Tibangu. Padri hakuthubutu kutangaza ndoa yake, maana hakujua kama ni mtu mmoja au watatu. Harusi ilingoja majuma mawili, mpaka mama mzazi akaletwa kutoka kijijini. Akaombwa kulitaja jina la mwanawe, akalitaja. Karani akamwuliza: “Mama, ni kwa tsh ao kwa sh?” Mama hakujua kusoma. Akalitaja tena, polepole zaidi.