Nembo Haisemi Yote

Mtu akistaafu hutafutiwa kazi na wenzake: awe mzee wa baraza, awe mlezi wa kwaya. Mimi nilijitafutia yangu mwenyewe. Tangu nikabidhi funguo za ofisi ya mwalimu mkuu nakusanya nembo za magari ya kale, vile vibao na vinyago vya chuma vilivyofungwa kwenye boneti na shoo za mbele. Wauza vyuma chakavu wa Katesh na Mbulu mjini wananifahamu, na baadhi yao hunicheka. Lakini miaka mingi ya kusahihisha insha imenizoeza kupima kazi ya mtu, na nembo nayo ni insha fupi. Hebu tusahihishe tatu.

Ya kwanza ni kibao cha Land Rover. Hakina urembo wowote. Kina jina la gari na anwani ya kiwanda: Solihull, Warwickshire, England. Nakipa alama za juu kwa ukweli wake. Gari lenyewe lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, likiwa na bodi ya aluminiamu kwa sababu baada ya vita chuma cha pua kilitolewa kwa mgao huko Uingereza. Kibao na gari vilifanana tabia. Hata hivyo, mwaka 1974 Solihull iliondolewa katika jimbo la Warwickshire, na leo kibao changu kinataja anwani isiyokuwepo. Hata msema kweli hupitwa na wakati.

Ya pili ni simba wa Peugeot. Simba huyu hakuzaliwa barabarani. Katika karne ya 19 alikuwa alama ya misumeno ya ukoo huo, akisifu ukali wa meno yake, na alisajiliwa mwaka 1858. Mtu angeweza kudhani kwamba kumpandisha kwenye gari ni majigambo matupu. La hasha! Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha ikashinda miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Majigambo yaliyothibitishwa si majigambo tena.

Ya tatu ndiyo iliyonishikisha kalamu. Ni pembetatu tatu za Massey Ferguson. Kwa ubunifu naiweka juu ya zote, maana hata asiyejua kusoma huitambua kwa mbali. Massey-Harris ya Kanada iliungana mwaka 1953 na kampuni ya Harry Ferguson, aliyebuni namna ya kufunga plau kwenye trekta kwa ncha tatu ili dereva aiinue na kuishusha akiwa kitini.

Muuzaji aliniambia kwamba nembo hiyo imetoka mashamba ya Basotu. Niliipachika ukutani, nikaandika chini yake kwa ule mwandiko tuliofundishwa chuo cha ualimu: "Trekta la Basotu: Mwanzo wa Maendeleo ya Hanang."

Siku moja alinijia mzee mwenzangu, Mbarabaig, akitaka nimwandikie barua. Aliona karatasi, akaniomba nimsomee. Nikamsomea kwa fahari. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwalimu, mwanzo wa nani?"

Sikuwa na jibu. Alipoondoka nilichukua kalamu nyekundu nikajisahihisha mwenyewe, nikakuta makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la utambuzi. Neno la muuzaji si ushahidi. Nembo hung'olewa kwa bisibisi na kuhamishiwa trekta jingine kwa muda wa kunywa chai. Hutaja aliyeitengeneza, haitaji ilikofanya kazi. Anayetaka kujua zaidi huigeuza aone mgongo wake na jinsi miguu yake ilivyoungwa, kisha hutafuta namba iliyogongwa kwenye trekta lenyewe. Mimi sikuwa na trekta, nilikuwa na kipande cha chuma na uvumi.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mashamba yale ya ngano, yaliyoendeshwa na NAFCO kwa msaada wa Kanada, yalifikia saba, yenye ekari zipatazo laki moja. Ngano ilipatikana, siwezi kukana. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na baadhi ya makaburi ya wazee wao yalipitiwa na plau. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Walishinda Mahakama Kuu, wakaja kushindwa Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Hayo yote hayamo ndani ya pembetatu tatu, na mimi niliyeyajua sikuyaandika.

Wako wakusanyaji wanaosema chuma ni chuma, mengine tuyaache. Sikubaliani nao. Nembo haina hatia, lakini karatasi iliyo chini yake ni maneno yetu, na maneno yana mwenyewe. Anayekusanya bila kuuliza ni kama mwanafunzi aliyekariri jibu bila kusoma swali.

Nilibandua karatasi ile, nikaandika nyingine: "Nembo ya Massey Ferguson. Ilinunuliwa Katesh. Matrekta ya ngano yalilima Basotu, palipokuwa na malisho na makaburi."

Mzee aliporudi nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu, akaniuliza kama barua yake iko tayari.