Lori Lililozikwa Lingali Hai

Katika ufungaji wa hesabu za kampuni moja ya uchukuzi, ambao nimepata kuupitia leja kwa leja, kazi iliyo nyingi ilikuwa safi: urari ulilingana, wadaiwa walihakikiwa, benki ikasuluhishwa. Hayo yatosha. Linalonishughulisha ni bonyezo moja tu, nalo lilikuwa batili.

Lori lilinunuliwa kwa shilingi milioni 60, likakatwa uchakavu kwa fungu lililo sawa la milioni 15 kila mwaka, hata mwishoni mwa mwaka wa 4 thamani yake kitabuni ikawa sifuri. Mhasibu, alipoliona katika rejista ya programu halina kitu mbele yake, na orodha nayo ikiwa ndefu ya kuchosha macho, alichagua “Ondosha”, akaandika bei ya kuuzia sifuri, akathibitisha. Programu, ambayo haina desturi ya kuuliza, ikadebiti uchakavu limbikizi milioni 60, ikakrediti gharama ya magari milioni 60. Na kwa kuwa faida haikuguswa hata kwa senti moja, wala mizania haikuyumba, hakuna aliyeshtuka. Lori lenyewe saa hiyo lilikuwa likipakia saruji.

Tazama natija yake. Matairi na dizeli zaendelea kuandikwa kwa gari ambalo vitabu havilijui. Bima yalipiwa namba isiyomo rejistani. Na siku litakapouzwa, tuseme kwa milioni 9, fedha hizo zitaingia katika mapato mengineyo, ambako kila kisicho na mwenyewe hupata hifadhi. Na iwapo litauzwa kwa siri, mkaguzi atalitafuta kwa daftari gani? Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 16, hakina utata: mali huondoshwa vitabuni inapotoka mikononi mwa mwenyewe, au inapokuwa haitarajiwi tena kuleta manufaa. Fauka ya hayo, chahimiza itajwe gharama ya mali zilizokwisha uchakavu wote nazo zingali kazini, utatajaje ulichokifuta?

Nimelisema hili mara nyingi, na nitalisema tena: asili ya maradhi ni ile asilimia 25. Sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania huyapa malori mazito kiwango hicho juu ya salio linalopungua, ambalo huburura miaka mingi. Washauri wetu, wanaposimika programu, huinyakua asilimia hiyo na kuipachika kwenye fungu lililo sawa, basi lori la miaka 10 likafa kwa miaka 4. Kiwango cha IAS 16 chataka umri wa matumizi upitiwe walau kila mwisho wa mwaka. Lau ungalipitiwa baada ya mwaka wa 2, milioni 30 zilizosalia zingaligawanywa kwa miaka 8, yaani milioni 3.75 kila mwaka, na sifuri isingalizuka.

Makarani wa leja za wino, ambao vijana wa leo huwacheka, hawakuitupa kadi ya mali hata chombo kitoke langoni. Wajapani nao, katika sheria zao za kodi tangu 2007, huiachia mali yen 1 kitabuni ili isisahaulike.

Basi, kabla ya kufunga hesabu za Desemba, ipange rejista yako kwa thamani ya kitabu, na kila iliyo sifuri nenda uwanjani ukaitazame kwa macho kabla hujagusa kitufe chochote.