Nundu Nane, Mirija Mitatu

Makanga ananing'inia mlangoni mwa matatu, mguu mmoja ndani, mwingine hewani. Matatu yenyewe haifiki hata sentimita 18, iko juu ya meza ya jikoni kwetu hapa Section 58, Nakuru, na makanga hajabandikwa kwa gundi wala kufungwa kwa uzi. Ameshika kijiti cha plastiki kwa mkono wa kushoto, basi. Kijana wa jirani aliyelijenga gari hilo, mwanafunzi wa gredi ya saba, aliliinua, akaliinamisha upande, akalitikisa mbele ya macho yangu.

"Mzee, ona, haanguki."

Hakuanguka. Nimekuwa nikiyafuatilia matofali ya LEGO kwa miaka mingi, seti mpya na vipande vipya, na bado mkono ule ulinifanya nivute kiti. Makanga yule ameshikiliwa na hesabu iliyopigwa zamani sana, na hesabu hiyo ndiyo nataka tuifungue leo.

Chukua tofali la kawaida, lile la nundu mbili kwa nne. Juu lina nundu nane. Ligeuze: ndani utakuta mirija mitatu iliyosimama katikati. Kutoka kitovu cha nundu moja hadi cha nundu ya pili ni milimita 8. Nundu yenyewe ina kipenyo cha milimita 4.8. Ukiondoa 4.8 kwenye 8 unabaki na 3.2, na hilo ndilo pengo kati ya nundu mbili zilizo jirani. Kimo cha tofali ni 9.6. Bamba, kile kipande chembamba, lina kimo cha 3.2, kwa hiyo mabamba matatu yakipandana yanalingana na tofali moja. Sasa tazama namba hizo tena: 3.2, 4.8, 8, 9.6. Zote zinagawanyika kwa 1.6 bila kubaki kitu. Mabamba matano yakipandana yanafika milimita 16, ambayo ni upana wa nundu mbili kamili, na ndiyo maana fundi anaweza kulaza kipande ubavu, nundu zikatazama pembeni, na bado kikaingia mahali pake sawasawa.

Kijiti anachoshika makanga? Unene wake ni hiyo hiyo 3.2, au pungufu kidogo mno. Kiganja cha kisanamu, yaani mtu mdogo wa LEGO kama makanga huyu, kimekatwa mfano wa herufi C ili kukibana kijiti hicho. Kwa hiyo mkono wa makanga, pengo la nundu na kimo cha bamba ni ndugu wa tumbo moja.

Mirija nayo ina siri yake. Nundu nne zilizojipanga mraba zinaacha nafasi ya duara katikati. Kutoka nundu moja hadi ile iliyo mkabala nayo kwa mshazari ni milimita 11.3 hivi, ondoa 4.8, inabaki 6.5. Huo ndio unene wa mrija kwa nje. Tofali linapokaa juu ya jingine, nundu ya pembeni kabisa inaguswa na kuta mbili na mrija mmoja, na nundu ya katikati inaguswa na ukuta mmoja na mirija miwili. Kila nundu inabanwa sehemu tatu. Mama yeyote aliyepikia kwenye mafiga anajua kwa nini tatu: chungu kwenye mawe mawili kinapinduka, kwenye matatu kinatulia.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ole Kirk Kristiansen, seremala wa kijiji cha Billund nchini Denmark, alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932. Matofali ya plastiki kampuni yake iliyatoa mwaka 1949, yakifuata kwa karibu sana matofali ya Mwingereza Hilary Fisher Page wa kampuni ya Kiddicraft. Yale ya kwanza yalikuwa matupu kwa ndani. Nundu zilishikwa na kuta peke yake, na mtoto akiinua nyumba aliyoijenga ilimmwagikia miguuni. Mwanawe Ole Kirk, Godtfred, ndiye aliyesimamia kuwekwa kwa mirija, na ombi la hataza likawasilishwa tarehe 28 Januari 1958, saa saba na dakika 58 mchana. Sisi wa Section 58 tunaoyapenda matofali haya tuna haki ya kuifurahia namba hiyo. Nimewaeleza vijana wa hapa na wameishika kama wimbo.

Kulibaki tatizo la plastiki yenyewe. Ile ya awali ilijipinda kadiri miaka ilivyopita, na tofali likijipinda mshiko umekwisha. Mwaka 1963 kampuni ilihamia plastiki iitwayo ABS, ngumu lakini yenye kunyumbulika kidogo mno, kiasi cha ukuta kusogea nundu inapoingia na kurudi pale pale inapotoka. Kunyumbulika huko ndiko kunakofanya tofali lifunguliwe na kufungwa miaka nenda miaka rudi. Watu husifu rangi na maumbo. Mimi husifu kurudi pale pale.

Kuna jambo jingine dogo ambalo waashi wetu wangelielewa kwa haraka. Tofali la nundu mbili kwa nne lingepaswa kuwa na milimita 16 kwa 32. Lipime: ni 15.8 kwa 31.8. Limepunguzwa 0.1 kila upande ili matofali yakipangwa bega kwa bega yasisukumane. Mwashi huacha nafasi ya saruji. Watu wa LEGO wameacha nafasi ya hewa. Ukuta mrefu wa matofali yasiyo na nafasi hiyo ungejaa presha na kubinuka katikati.

Hapo ndipo unapoyatambua matofali ya kuiga. Ndoo yetu pale nyumbani ni ya mchanganyiko: mengine yalitoka kwenye marundo ya mitumba, mengine yaliletwa na jamaa waliotoka ng'ambo, na mengine ni mapya ya bei nafuu yaliyonunuliwa mjini. Kuyaiga si kosa la kisheria. Hataza ilikwisha muda wake, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba umbo la tofali haliwezi kusajiliwa kama alama ya biashara kwa sababu umbo hilo ndilo linalofanya kazi yenyewe. Kisanamu kilikuwa kesi tofauti: mwaka 2015 mahakama ya Ulaya ilikubali umbo lake libaki alama ya biashara ya LEGO. Kwa hiyo utaona seti za kuiga zenye matofali yanayofanana kabisa na ya LEGO, lakini watu wake wana nyuso na miili iliyogeuzwa kidogo.

Jaribio langu ni la mikono. Bana matofali mawili, yaachanishe, rudia mara 20. Tofali zuri linatoa mlio uleule mara ya kwanza na ya ishirini. Baya ama linakuvunja kucha mwanzoni, ama limelegea ukifika mara ya kumi. Halafu jenga mnara wa matofali 15 na uutazame kwa jicho moja kutoka juu. Mnara ukiinama, kosa ni dogo kuliko unywele katika kila tofali, lakini makosa 15 yakipandana yanaonekana. Ushauri wangu kwa mzazi mwenye hela kidogo: kilo moja ya matofali halisi ya mitumba, hata yaliyokwaruzika, itamfaa mtoto kuliko seti mpya ya kuiga yenye boksi la kung'aa. Yaoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Usiyachemshe, yatajipinda.

Turudi kwa makanga. Kisanamu hiki kilitoka mwaka 1978, kazi ya mbunifu Jens Nygaard Knudsen aliyefariki mwaka 2020. Kabla yake, mwaka 1975, kulikuwa na mtu mdogo asiyesogeza mikono wala miguu, kama sanamu ya mezani. Knudsen alimpa mabega yanayozunguka, viganja vinavyogeuka, na miguu yenye matundu nyuma na chini ya nyayo ili aweze kukaa juu ya nundu na kusimama juu yake. Kichwani ana nundu moja, ile ile ya 4.8, kwa hiyo kofia, nywele au tofali zima linaweza kumkaa. Mtu mwenyewe amefanywa kuwa kipande cha ujenzi. Hilo, kwangu mimi, ndilo wazo bora zaidi katika historia yote ya kampuni hiyo baada ya mirija.

Gharama ya wazo hilo ni unene. Kisanamu kina kimo cha kama sentimita 4, lakini mikono ikiwa kando kinachukua upana wa nundu tatu, yaani milimita 24. Binadamu wa vipimo hivyo, mwenye urefu wa mita 1.7, angekuwa na upana wa mita moja. Hapo ndipo matatu inapokuwa mtihani wa kweli.

Hiace tunazopanda zina urefu wa karibu mita 4.7 na upana wa 1.7. Ukifuata kimo cha kisanamu, gari lingekuwa na upana wa nundu tano tu, na ndani, ukishaondoa kuta mbili, zingebaki tatu: mtu mmoja kila safu. Hiyo si matatu, ni bodaboda yenye paa. Kijana wetu alianza na upana wa sita. Ndani kukabaki nne, bado mtu mmoja anakaa kwa raha na wa pili hapati bega. Alipofika nane mambo yakafunguka: kuta mbili, nafasi sita ndani, watu wawili wa nundu tatu tatu. Wabunifu wa LEGO wenyewe walipita njia hiyo. Magari yao ya Speed Champions yalikuwa ya upana wa sita hadi mwaka 2020, walipoyapanua kufika nane, na tangu hapo dereva na abiria wanaweza kukaa bega kwa bega. Kijana hakuwa amesoma habari hizo popote. Aliifikia nane kwa kubomoa na kujenga upya mara tatu.

Kwa upana wa nane, uwiano wa Hiace unadai urefu wa nundu 22. Kila safu, pamoja na mgongo wa kiti, inakula nundu nne. Safu tano ni 20, zinabaki mbili za dashibodi na mlango wa nyuma. Hivyo ana watu kumi, dereva akiwemo: abiria tisa badala ya 14. Nilimuuliza kama hilo linamsumbua. Akaniambia kwamba angeongeza safu lakini angelazimika kukata migongo ya viti, na "abiria wangu hawatakaa vibaya." Nilimwelewa, na nadhani aliamua vyema. Kielelezo kizuri huchagua ukweli mmoja na kuutetea. Yeye alichagua umbo la gari na starehe ya abiria, akaiacha idadi.

Mstari wa njano ubavuni, ule ulioletwa na kanuni za waziri John Michuki mwaka 2004, ni mabamba mawili ya njano yaliyopandana, milimita 6.4. Ungekuwa tofali zima ungemeza gari. Ungekuwa bamba moja usingeonekana kutoka upande wa pili wa meza.

Kisha akauliza swali ambalo halina hesabu: mbona makanga ni wa njano? Rangi hiyo ilichaguliwa ili kisanamu kisiwe cha taifa wala kabila lolote. Mwaka 2003, LEGO walipoanza kutengeneza watu halisi kama wachezaji wa NBA, pamoja na Lando Calrissian wa filamu za Star Wars, njano haikuweza tena kusema ukweli, na ngozi za kahawia zikaingia. Hata hivyo watu wa seti za kawaida za mjini wamebaki wa njano. Naielewa hoja yao, lakini mtoto wa Nakuru haoni njano kuwa haina kabila. Anaona mtu asiyefanana na yeyote mtaani kwao.

Na Afrika inapotokea kwenye maboksi, mara nyingi hutokea kama mbuga. Mwaka 2021 seti za City zilizotolewa kwa ushirikiano na National Geographic zilileta tembo, ndama wake na simba, wote wakiwa wametolewa kwenye kalibu mpya, na ni kazi safi sana. Mwaka 2024 ikaja seti ya Creator yenye twiga wa kujengwa. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Nakuru tunawapenda wanyama. Lakini asubuhi ya kawaida hapa Section 58 ina matatu, kibanda cha mboga na fundi wa viatu, na sijawahi kukutana navyo kwenye boksi.

Mlango upo. LEGO Ideas hupokea miundo ya watu wa kawaida, na muundo ukiungwa mkono na watu 10,000 hupelekwa mbele ya wabunifu wa kampuni ili uamuliwe. Maia Weinstock, mwandishi wa sayansi wa Marekani, alipita hapo na wazo lake la wanawake wa NASA. Mwaka 2017 likawa seti ya vipande 231, na mmoja wa wanawake wanne waliomo ni Mae Jemison, mwanamke Mweusi wa kwanza wa Marekani kufika angani, akiwa na ngozi ya kahawia na nywele zake za asili.

Basi wewe unayejenga, uwe Nakuru, Mombasa, Arusha au Muscat: piga picha kazi yako kwenye mwanga wa mchana, pande zote nne na chini pia, andika idadi ya vipande, uipeleke. Ya kijana wetu tumeshaipiga picha. Ina upana wa nundu nane, urefu wa 22, na makanga bado ananing'inia mlangoni.