Ndagala kwa Bei ya Boksi

Mliokuwa parkingi hapa Uvira gari la Bukavu likipakiwa mliona kila kitu, kwa hiyo niende moja kwa moja pale mambo yalipoharibika: mama mmoja muuza ndagala alipofungua gunia lake akaanza kuwahamishia kwenye boksi la ajansi ya usafirishaji. Kamba zilikazwa vizuri, turubai ilifunika vyote, dereva aliupanda mlima wa Ngomo kwa akili. Hayo yanatosha. Sasa tuzungumzie boksi.

Ajansi ilikuwa imetangaza boksi moja bei moja, uzito wowote, hadi Bukavu. Kijana wa kupakia akamhimiza mama ajaze mpaka kifuniko kikatae. Na mama, kwa kuwa boksi zima amelilipia, kila nafasi tupu aliyoiona humo aliihesabu kama franga zake zinazopotea. Akashindilia kwa viganja. Kifuniko kikagoma. Akashindilia kwa goti, na waliosimama pembeni wakamsifu kwa ujanja.

Ndagala mkavu havumilii goti. Vichwa vinang'oka, miili inakatika, na mzigo unafika nusu samaki nusu unga. Mnunuzi wa Kadutu si mtoto: hatazami wale wa juu, anazamisha mkono hadi chini, na akitoa chengachenga bei imeshuka kabla hajafungua mdomo. Tena gunia linapitisha hewa. Boksi lililozungushiwa utepe wa plastiki halipitishi, na ndagala ambao jua la Uvira halikuwakausha sawasawa wanatoa unyevu wao humo ndani, safari nzima, wakinukiana. Mama aliokoa nafasi, akaiua bidhaa. Uamuzi ule ulikuwa mbovu tangu gunia lilipofunguliwa, na sioni wa kuutetea isipokuwa ajansi.

Fanyeni hesabu. Boksi la sentimeta 50 kwa 40 kwa 40 lina ujazo wa lita 80. Panga humo miche ya sabuni ya mawese, utapita kilo 60 bila kuhangaika. Mwaga humo ndagala wakavu bila kuwashindilia, hutafika hata nusu ya hapo. Bei ni ile ile. Maana yake muuza ndagala anamlipia muuza sabuni nauli, na wala hawajuani. Ndiyo kazi ya bei moja popote duniani: mwenye mzigo mwepesi anambeba mwenye mzigo mzito. Posta ya Marekani ilipoanza na maboksi ya namna hii mwaka 2004 iliruhusu uzito hadi ratili 70, karibu kilo 32, kwa bei isiyobadilika nchi nzima. Mfanyabiashara mdogo wa kule anayetuma vyuma mbali anashangilia. Anayetuma kofia mji wa jirani analipa zaidi ya inavyostahili, na akiwa na akili anatumia boksi lake mwenyewe lenye kupimwa.

Wenye meli walishalimaliza jambo hili zamani. Tani moja au meta moja ya ujazo, kinachozidi ndicho kinacholipiwa, basi. Wenye ndege wanagawa ujazo ili wapate kilo za kulipia. Nasi hapa, kabla vita vya 1996 havijakifunga kiwanda cha sukari cha Kiliba, gunia lake lilikuwa na uzito unaojulikana, na hakuna aliyepandia gunia kwa goti ili apate faida. Leo tuna simu zenye tochi na kamera, mizani hatuna.

Nimelipigia kelele hili tangu habari za lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, na wanaonichoka wavumilie. Tanzania, Wakala wa Vipimo unawaandama wanaojaza gunia kupita kilo 100, kwa sababu mkulima akiuza kwa chombo badala ya kwa kilo, mnunuzi atakirefusha chombo hadi kiote pembe. Pale angalau mkulima anaonewa na mwingine. Huyu mama alijipigia lumbesa mwenyewe, na pesa akatoa.

Halafu kuna barabara, ambayo tangazo la ajansi halikuitaja. Bei moja inataka njia moja. Sisi njia yetu ukifika Kamanyola inakutaka uchague: upande Ngomo, au uvuke Bugarama uzungukie Rwanda, na forodha yake na karatasi zake. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika mjini, nani angeapa kuhusu nauli ya kesho yake? Februari 2025 waasi wa M23 walipoingia Bukavu, je? Ajansi inayotangaza bei isiyobadilika kwenye barabara hii ya Nasionali 5 imefanya moja kati ya mawili: imeshaficha gharama ya balaa ndani ya bei, na mama analipia balaa hata siku ya amani; au haikuhesabu kabisa, na siku njia ikifungwa mzigo utashushwa Kamanyola uanze kutafutiwa nyongeza. Ndagala walio ndani ya boksi, jua la Kamanyola juu yao.

Sisemi boksi litupwe. Anayeuza vitenge vilivyopitia Bujumbura alipaswa kuwa wa kwanza kwenye foleni ile: kitambaa kinakunjwa, hakivunjiki, kina uzito na thamani kubwa katika nafasi ndogo. Muuza sabuni vilevile, na muuza misumari, ikiwa tako la boksi litahimili. Lakini ajansi iwe na milango miwili, boksi kwa hao na kilo kwa wengine, na mizani ya kuning'iniza iwe mahali pa wazi mteja asome mwenyewe kabla hajalipa. Wauza nyama wanayo hiyo mizani. Ajansi yenye gari na ofisi inashindwaje?