Kinachobaki Bando Linapokwisha: Fani ya Opera Mini

Mtu wa kawaida hachagui kivinjari kwa kusoma sifa zake; anakipima kwa sura ya kwanza na kwa namna kinavyotumia MB zake. Kwa kipimo hicho, Opera Mini, inayotumiwa na wengi wanaojiunga na vifurushi vidogo, inastahili kuhakikiwa kwa fani yake, iwe mikononi mwa dereva wa lori pale Makambako au mkulima wa viazi wa Njombe.

Ilizaliwa Norway mwaka 2005, enzi ya simu za vitufe zilizoshindwa kubeba ukurasa mzima. Ukipandisha kiwango cha kubana data, ukurasa hupitia kwanza kwenye seva za kampuni, hubanwa, kisha hufika kwenye simu ukiwa mwepesi. Ufundi huo hauonekani kwa macho, hivyo kazi ya fani ni kuudhihirisha.

Tazama kaunta iliyomo ndani ya menyu. Inaonyesha kiasi cha data kilichookolewa, na tarakimu hupanda kadiri unavyosoma. Programu haijisifu kwa kasi. Inatoa hesabu kwa mtu anayehesabu. Karibu yake kuna uamuzi wa ubora wa picha: ziwe safi, hafifu, au zisiwepo kabisa. Matumizi ya bando yamekabidhiwa kwa mwenye bando. Ukurasa pia unaweza kuuhifadhi ukiwa Makambako, ukausoma ndani ya basi la Njombe bila intaneti.

Phoenix, kivinjari kingine kinachokuja ndani ya simu nyingi za Tecno, itel na Infinix, kina sura tofauti lakini kimelenga haja hiyohiyo: kinapakua video na kuhifadhi stetasi za WhatsApp. Vivinjari vyote viwili vinavutia kwa sababu vinampa mtu kitu cha kubaki nacho bando linapokwisha.

Fani ya Opera Mini hung'aa zaidi kwenye kurasa kama za matokeo ya mitihani ya NECTA: orodha ya shule, namba za watahiniwa, madaraja, maandishi matupu. Hapo kubana hakuharibu kitu. Lakini kwenye fomu za maombi zenye hatua nyingi, kiwango cha juu cha kubana huweza kuukwamisha ukurasa. Na kwa kuwa ukurasa huo umepitia seva ya mtu wa tatu, si mahali pa kuandika nywila ya benki.

Dosari kubwa zaidi iko kwenye uso wenyewe. Chini ya vimiraba vya tovuti, ambavyo ni mpangilio safi, zimerundikwa habari na matangazo ambayo mtumiaji hakuyaomba. Picha za habari na matangazo hayo nazo zinakula MB. Kaunta inahubiri akiba, ukurasa wa mwanzo unatapanya. Fani inapingana na maudhui yake. Kivinjari kipya kitakachofunguka kwa vimiraba na kaunta peke yake, matangazo yakiwa yamezimwa tangu mwanzo, kitakuwa kimemheshimu msomaji wa Njombe zaidi kuliko hivi viwili.