Gari la Zimamoto Linalipiwa na Nani? Fedha za Usalama wa Umma Kutoka Hazina hadi Shianda

Polisi na zimamoto ni kazi za serikali mbili tofauti. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 liliiachia serikali ya kitaifa huduma za polisi, likazikabidhi kaunti 47 zimamoto, ambulensi, taa za barabarani na sehemu ya udhibiti wa majanga. Kwa hiyo katika soko la Shianda, Mumias Mashariki, chifu na polisi hulipwa mishahara na serikali ya kitaifa, ilhali nyumba ya biashara ikishika moto, wa kwanza kuulizwa ni serikali ya Kaunti ya Kakamega.

Kabla ya ugatuzi wa 2013, eneo hili lilikuwa chini ya Baraza la Kaunti ya Butere-Mumias. Mabaraza ya aina hiyo yaliendeshwa kwa ushuru wa masoko, leseni na mgao wa LATF, mfuko wa serikali kuu wa kuzisaidia serikali za mitaa, uliotokana na asilimia 5 ya kodi ya mapato. Zimamoto ilikuwa huduma ya miji mikubwa. Katiba mpya ikalipanua jukumu hilo likafika kila kijiji, ila haikulitengea fedha zake.

Sehemu kubwa ya fedha za Kakamega hutoka kwenye mgao wa usawa wa Hazina ya Kitaifa. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao huo ulikuwa takriban shilingi bilioni 12.4, huku mapato ambayo kaunti hukusanya yenyewe yakizungukia bilioni 1 hivi. Fomula iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020 ilipima idadi ya watu kwa asilimia 18, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, na kadhalika. Uokoaji na moto havikuwa na kigezo. Kaunti hupokea kitita kimoja, na zimamoto hulazimika kushindania nafasi dhidi ya dawa, barabara na mishahara.

Ugumu unaosahaulika zaidi uko kwenye ada. Mwenye duka hulipia leseni ya biashara, na pale sheria ya fedha ya kaunti inapoagiza, hulipia pia ukaguzi wa vifaa vya kuzimia moto. Ni rahisi kudhani kwamba pesa hizo humfikia mzimamoto. Hazimfikii moja kwa moja. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato yote ya kaunti yaingie katika Mfuko wa Mapato ya Kaunti, isipokuwa yale yaliyotengwa na sheria ya Bunge, na hakuna senti inayotoka humo bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Hospitali zilipata sheria kama hiyo mwaka 2023, zikaruhusiwa kubaki na ada zinazokusanya na kuzitumia. Ambulensi iliyo chini ya hospitali inaweza kutiwa mafuta kwa pesa hizo hata Hazina inapochelewa. Gari la zimamoto halina njia hiyo, na hapo ndipo sheria imewaacha wakazi wa masoko madogo bila kinga.

Kuna pia tofauti kati ya kununua na kuendesha. Gari jipya huhesabiwa kama matumizi ya maendeleo, ambayo sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka yasipungue asilimia 30 ya bajeti. Mafuta, matairi, povu, mafunzo na mishahara ya zamu ya usiku ni matumizi ya kawaida, yanayobanwa kila mwaka. Ndiyo maana gari hupatikana kwa sherehe kisha likakaa bila wahudumu wa kutosha.

Mfuko wa dharura wa kaunti hauzibi pengo hilo. Malipo yake kwa mwaka hayapaswi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti yaliyokaguliwa ya mwaka uliotangulia: kwa mapato ya bilioni 13, kikomo ni milioni 260. Tena hutumika kwa jambo ambalo halikutarajiwa, na Bunge la Kaunti huombwa kuidhinisha ndani ya miezi miwili baada ya malipo. Ni fedha za maafa yaliyokwisha kutokea. Mishahara ya wanaongoja simu kituoni haitoki humo.

Mpango wa kitaifa wa kusaidia miji, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2018, uliruhusu vituo vya zimamoto kujengwa, lakini ruzuku zake ziliilenga miji yenye hadhi ya manispaa. Kakamega na Mumias zilikuwa nayo. Shianda, iliyo kati ya miji hiyo miwili, ikabaki kutegemea gari la zimamoto kutoka mbali.

Uamuzi wa mwisho hufanywa katika makadirio ya bajeti, yanayowasilishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya Aprili 30 na kuidhinishwa kabla ya Juni 30. Katika vikao vya wadi, wananchi huomba barabara na taa za mulika mwizi, maana huonekana. Mstari wa mafuta na mishahara ya zimamoto umo ndani ya programu ya idara, kurasa nyingi mbele, na mwakilishi wadi asipoufungua na kuusoma kwa sauti, hupita kama ulivyoandikwa.